Altare Nyuma ya Seng'enge: Sanaa Takatifu ya Waitaliano Waliowekwa Kizuizini



Wapo waamini wetu ambao kila mwezi wa Juni huenda hija Namugongo kwa kupitia Arusha, Namanga na Nairobi. Wakishatoka Nairobi, wengine hupitishwa barabara ya chini, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Naivasha. Mteremko ni mkali na malori huenda polepole, na hapo kandokando ya njia, karibu na Mai Mahiu, msafiri huona kanisa dogo mno la mawe lenye mnara wa kengele. Watu kumi na wawili au zaidi kidogo wakiketi ndani yake, limejaa. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, wale wale walioitengeneza barabara hiyo, nalo huitwa kanisa la Mtakatifu Maria wa Malaika.

Mama mmoja wa makamo ya bibi, mwanajumuiya hapa Majengo, aliporudi kutoka hija hiyo alituuliza swali katika sala ya jumuiya, baada ya Injili kushirikishwa. Alisema kwamba marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya na alipigana Uhabeshi, na katika masimulizi yake Waitaliano walikuwa watu waliowatendea Wahabeshi ukatili. Basi akauliza: "Wale waliowatesa wenzetu, ndio hao hao waliomjengea Mama Maria nyumba?" Hatukuwa na jibu lililo tayari siku hiyo. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na tunaandika tukijua kwamba wengi wenu mnaweza kuwa na swali hilo hilo moyoni.

Tukumbuke kwanza kwamba kwa Wakatoliki wa Dodoma, Mwitaliano si mgeni wa mbali. Mwaka 1935 Dodoma ilipofanywa Prefektura ya Kitume, ilikabidhiwa kwa Wapasionisti, na wamisionari waliotujia walitoka Italia. Kanisa Kuu letu limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Mwitaliano aliyeanzisha shirika hilo. Lakini mwaka huo huo wa 1935, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Italia yalivuka mpaka na kuivamia Ethiopia. Taifa moja, mwaka mmoja: huku wanakuja mapadre na Habari Njema, kule zinakuja ndege zenye gesi ya sumu. Asiyeyaweka mambo haya mawili pamoja hawezi kulielewa swali la mama yetu.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili upande wa Ujerumani. Kuanzia siku hiyo kila Mwitaliano aliyekuwa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanganyika ikiwamo, alihesabiwa kuwa raia wa taifa adui, awe padre, mwashi au mwenye duka. Kule Uingereza kwenyewe wauza aiskrimu na wahudumu wa hoteli, ambao wengine walikuwa wameishi huko miongo mingi, walikamatwa usiku na kupelekwa kambini. Baadhi yao walipakiwa katika meli iitwayo Arandora Star ili wapelekwe Kanada. Meli hiyo ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 2 Julai 1940, na Waitaliano zaidi ya 400 wakafa maji. Miongoni mwao walikuwamo baba na babu wa kijana wa miaka 16 wa Edinburgh, Eduardo Paolozzi, ambaye wakati huo naye alikuwa amefungwa gerezani kwa sababu ya jina lake la Kiitaliano. Baadaye akawa mmoja wa wachonga sanamu mashuhuri wa Uingereza.

Huku kwetu mambo yalifikia kilele mwaka 1941. Majeshi ya Waingereza, ambamo askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walikuwa wengi, yaliingia Somalia na Ethiopia. Addis Ababa ilianguka mwezi wa Aprili, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake. Kiongozi wa Waitaliano, Mtawala wa Aosta, alijisalimisha kule Amba Alagi mwezi huo huo. Yeye alifia kifungoni Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na mwili wake umehifadhiwa katika kanisa la kumbukumbu la Nyeri pamoja na mabaki ya askari wenzake.

Askari walijulikana la kuwafanyia. Shida ilikuwa raia. Maelfu kwa maelfu ya Waitaliano walikuwa wamehamia Ethiopia kama wakulima, madereva, mafundi, wahandisi, makarani na madaktari. Wanawake, watoto, wazee na wagonjwa walirudishwa Italia kati ya mwaka 1942 na 1943 kwa meli zilizopakwa rangi nyeupe na alama ya Msalaba Mwekundu, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu njia ya Suez haikuwa salama. Wanaume wenye nguvu waliachwa. Walipelekwa katika kambi za Afrika Mashariki na Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wakakaa huko hadi vita vilipokwisha, na wengine hata baada ya hapo.

Mstari kati ya raia na askari ulikuwa mwembamba. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Felice Benuzzi, mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ethiopia, aliyefungwa katika kambi namba 354 ya Nanyuki. Kila asubuhi aliuona Mlima Kenya ng'ambo ya seng'enge. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari na Vincenzo Barsotti, si kwa ajili ya kukimbia vita bali kwa ajili ya kuupanda mlima, wakiwa na vifaa walivyovitengeneza kwa siri kutokana na nyundo, vyuma chakavu na kamba za katani. Mchoro wa mlima waliupata katika karatasi ya kopo la nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini na kupokea adhabu yao. Kisa hicho si cha kanisa, lakini kinaonyesha jambo moja: kilichowaua polepole wale watu ni siku zisizo na kazi ya maana kuliko njaa au viboko.

Na raia walikuwa katika hali ngumu zaidi kwa upande wa sheria. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliwalinda askari waliotekwa. Uliwapa uhuru wa kusali kwa dini yao, ukazitaka pia nchi zilizowashika zihimize shughuli za akili na michezo. Raia aliyewekwa kizuizini hakuwa na mkataba wake mwenyewe. Huo ulikuja mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha. Hali yao ilitegemea zaidi wema wa mkuu wa kambi. Kanisa lilifanya liwezalo: tangu mwaka 1939 Vatikano ilikuwa na Ofisi ya Habari iliyotafuta majina ya waliofungwa na kupeleka salamu kwa jamaa zao, kazi iliyosimamiwa na Monsinyori Giovanni Battista Montini. Huyo ndiye Papa Paulo wa Sita, aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964 na kuja kusali Namugongo mwaka 1969.

Sasa tuje kwenye sanaa yenyewe.

Kanisa linaloligusa zaidi jambo la raia halipo Kenya. Lipo kilomita chache mashariki ya mji wa Masvingo, Zimbabwe, mji uliokuwa ukiitwa Fort Victoria. Kati ya mwaka 1942 na 1946 Waitaliano waliowekwa kizuizini hapo walijenga kikanisa cha Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwa nje ni jengo la kawaida ambalo mpita njia angeweza kudhani ni ghala lililojengwa vizuri. Ndani, kuta na sehemu ya altare zimejaa mapambo yanayofanana na mozaiki. Msomaji anajua mozaiki ni nini: ni picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya mawe au vioo vya rangi, kama zilivyo picha za makanisa ya kale ya Ravenna na Roma. Kambini hapakuwa na vioo vya rangi vya kutosha kazi kama hiyo. Basi wakachukua brashi, wakachora kipande kimoja kimoja, mraba mdogo kando ya mraba mdogo, mpaka ukuta wa plasta ukafanana na ukuta wa basilika. Katika kuta za kikanisa hicho yamewekwa pia mabaki ya Waitaliano 71 waliofariki katika kambi za nchi ile.

Jambo hilo hilo lilitokea mbali sana, katika kisiwa kidogo cha Lamb Holm, Orkney, kaskazini ya Scotland. Huko waliokuwapo walikuwa askari waliotekwa Afrika Kaskazini, wakapelekwa kujenga kuta za kuziba milango ya bahari. Mwaka 1943 walipewa vibanda viwili vya mabati, wakaviunganisha vikawa kanisa. Domenico Chiocchetti, mchoraji, alizipaka kuta za ndani rangi hata zikaonekana kama matofali na mawe yaliyochongwa. Juu ya altare alimchora Mama Maria na Mtoto kwa kuiga picha ndogo ya sala aliyopewa na mama yake, ambayo aliibeba muda wote wa vita. Taa zilitengenezwa kwa makopo ya nyama. Mfua chuma Giuseppe Palumbi alifua uzio wa patakatifu. Wenzake walipoondolewa kisiwani, vita vikiwa bado havijaisha, Chiocchetti alibaki ili amalizie kisima cha ubatizo.

Kwa nini tunawapeleka wasomaji mpaka Scotland? Kwa sababu kufanana huko kunatufundisha kuisoma sanaa hii. Watu ambao hawakuwahi kuonana, katika mabara mawili, walifanya kitu kimoja: walichora vitu ambavyo hawakuwa navyo. Rangi ikawa jiwe, plasta ikawa mozaiki, bati likawa marumaru. Mtu mwenye haraka atasema ni udanganyifu wa macho. Sisi tunaona ni kumbukumbu. Kila mmoja alikuwa akiichora parokia yake, lile kanisa alikobatizwa na ambako mama yake alikuwa akimsubiri au alikwisha kuzikwa bila yeye kujua. Watu wa Mungu walioketi kando ya mito ya Babeli, katika Zaburi ya 137, walitundika vinubi vyao wasiweze kuimba. Hawa wa Masvingo na Mai Mahiu waliimba kwa mikono.

Tena tusisahau kwamba hawakulazimika. Misa ni Misa hata ikiadhimishwa juu ya sanduku la risasi, na mapadre wa vita walifanya hivyo mara nyingi. Sakramenti haikuhitaji mnara wa kengele pale Mai Mahiu wala malaika waliochorwa. Uzuri ulikuwa ziada. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, ziada ndiyo kitu pekee anachoweza kukitoa kwa hiari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulitenga sura nzima kwa ajili ya sanaa takatifu na kuihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za roho ya mwanadamu, kwa sababu inaelekea kuuonyesha uzuri wa Mungu. Hati hiyo ilitoka mwaka 1963. Wafungwa walikuwa wametangulia.

Angalieni pia majina. Kikanisa cha Masvingo ni cha Mtakatifu Fransisko. Cha Mai Mahiu ni cha Maria wa Malaika, na hilo ndilo jina la kale la Porziuncola, kikanisa kidogo kilichoko chini ya Asizi ambacho Fransisko alikipenda kuliko mahali pengine pote na ambapo alifia karibu yake. Inawezekana majina hayo yalichaguliwa kwa sababu za kawaida tu: Papa Pius wa Kumi na Mbili alikuwa amemtangaza Fransisko kuwa msimamizi wa Italia mwezi wa Juni 1939, pamoja na Katarina wa Siena. Lakini mfungwa Mwitaliano aliyekua akisikia habari za Fransisko alijua zaidi ya hayo. Alijua kwamba kijana Fransisko alikwenda vitani mwaka 1202 akiwa na tamaa ya sifa, akashindwa na watu wa Perugia, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima, akatoka mgonjwa. Alijua kwamba baadaye alibeba mawe kwa mikono yake ili kulitengeneza kanisa bovu la San Damiano. Mtu aliyekwenda kuteka akatekwa, kisha akawa mwashi wa Mungu: sisi tunadhani wale waliobeba mawe kwenye mteremko wa Mai Mahiu walijiona katika habari hiyo, ingawa hatuwezi kuingia mioyoni mwao.

Na hapa tunalirudia swali la mama wa Majengo, kwa kuwa sifa za sanaa hazijalijibu.

Vita vya Italia huko Ethiopia vilikuwa vya dhuluma. Baada ya jaribio la kumwua Jemadari Graziani mwezi wa Februari 1937, wakazi wa Addis Ababa wasio na silaha waliuawa kwa siku tatu. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, kwa amri yake, watawa wa monasteri ya Debre Libanos, mojawapo ya mahali patakatifu zaidi pa Kanisa la Ethiopia, walikusanywa na kupigwa risasi kwa mamia, pamoja na mashemasi vijana. Walikuwa Wakristo waliokuwa wakiimba Zaburi karne nyingi kabla ya Majengo kuwa na soko. Inatuuma pia kusema kwamba baadhi ya maaskofu wa Italia waliisifu vita ile ilipoanza. Yaliyoandikwa yameandikwa, na Kanisa haliponi kwa kuficha.

Je, walioshika brashi Masvingo ndio walioshika bunduki Debre Libanos? Kwa wengi wao, bila shaka hapana. Walikuwa mafundi na makarani. Lakini nao waliishi na kula katika nchi iliyotekwa, na barabara na mashamba yao yalikuwa juu ya ardhi ya watu wengine. Hatuwezi kuwaita wasio na lawama yoyote kwa sababu tu walichora vizuri. Wala hatuwezi kuukana uzuri wa walichokichora kwa sababu ya dhambi ya taifa lao. Tukifanya la kwanza, tunawasaliti Wahabeshi. Tukifanya la pili, hatutabaki na kanisa hata moja la kusalia, maana ni lipi lililojengwa na wenye haki watupu?

Wazee wa Ugogo wanajua kwamba vita huwachukulia chakula hata wasiobeba silaha. Njaa ya Mtunya, iliyowamaliza watu wetu katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ilitokana kwa sehemu na majeshi ya Wazungu wa pande zote mbili kuzoa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Na katika vita ya pili, Kondoa hapo jirani ilipokea wakimbizi Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi hadi Siberia, wakatoka kupitia Uajemi. Nao, wakiwa na wenzao wa Tengeru na wa Masindi kule Uganda, walisali na kuzika wafu wao katika nchi yetu, na Masindi waliacha kanisa ambalo waamini wanalitumia hadi leo. Hao hawakuwa wafungwa kama Waitaliano, lakini historia iliwaleta kwa upepo ule ule.

Paulo wa Msalaba aliwapa watawa wake nadhiri ya pekee juu ya zile tatu za kawaida: kueneza kumbukumbu ya Mateso ya Bwana. Kwa sisi tunaosali katika kanisa linalobeba jina lake, kukumbuka ni wajibu, na Mateso hayo yalionekana pande zote mbili za seng'enge. Yalionekana kwa shemasi kijana wa Debre Libanos. Yalionekana pia kwa mwashi Mwitaliano ambaye hakujua kama mkewe yu hai.

Tulimsomea mama yule maelezo haya kabla ya kuyachapisha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ada ya nia ya Misa siku hizi ni kiasi gani. Jumapili iliyofuata zilisomwa nia mbili kutoka jumuiya yake, moja baada ya nyingine: kwa ajili ya watawa wa Debre Libanos, na kwa ajili ya wafungwa waliojenga kanisa la Mai Mahiu.